Mita Nne za Maji Baridi

Bamba la chuma lilimwangukia Kassian mguuni akiwa ndani ya tumbo la meli, na jambo la kwanza alilofanya ni kutukana. Tusi lilijaa kwenye kinyago chake cha uso mzima, likageuka mapovu, likapanda juu na kupotea.

Akavuta mguu. Haukutoka. Akaushika kwa mikono yote miwili, akavuta tena, maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

Mita nne tu. Watu watatu wakipandana mabegani hapo alipo, wa juu angetoa kichwa nje na kuomba sigara. Mtu anafia wapi kwenye mita nne?

Lakini maji yalikuwa ya barafu, na suti yake ya mpira ilikuwa na kiraka kwapani kilichoanza kuachia. Samaki wa kijivu, wale wanene wa bahari za kaskazini, walimpitia puani bila haraka yoyote. Walikwisha kumzoea. Na yeye alikwisha kuizoea meli hii, kila chumba na kila tundu, kama mtu anavyoizoea njia ya chooni kwake gizani.

Kwa kawaida huzama wawili. Leo mwenzake, Xiao Liu, alikuwa ameamka anatapika, na bosi wao, laoban, hakutaka kusikia habari ya kuahirisha. "Ingia, zunguka, toka," alisema. Kuhusu bamba lile, Kassian alikuwa amemwambia zamani kwamba boliti zake zimelegea. Laoban akajibu *mei wenti*, hakuna tabu, kama anavyojibu kila kitu.

Ungefika Xiaobei, kule Guangzhou wanakojazana Waafrika, ukaulizia Injinia Kassian, ungeambiwa kwa fahari: yuko kaskazini, anaopoa meli zilizozama. Mkewe Bibiana alihakikisha hakuna asiyejua. Nyumba yao ya ghorofani ilikuwa haikauki watu, Wakongo wanaosubiri makontena, wanafunzi wa Kitanzania wenye njaa, wote wanakula wali wa Bibiana na kushushia na sifa za mumewe. Mwanaume gani mwingine hapa mjini, aliwauliza, ana kazi ya maana kama hiyo? Wenzenu wanabeba mabegi ya suruali!

Asubuhi ile walizungumza kwenye simu.

"Baba Careen, unakuja lini? Mwaka mpya wa Wachina ndio huu."

"Treni zimesimama, mama. Theluji. Nimekwama."

"Tumeona kwenye televisheni. Hata hapa stesheni watu wamefurika mpaka Zhanqian Road, wanalala na mizigo yao barabarani."

Nyuma yake ikadakia sauti ya Ghislain, mfanyabiashara wa Bukavu ambaye haijawahi kumpita sahani. "Injinia, mon frère! Huko samaki banavaa makoti?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bibiana akawafokea, kisha akateremsha sauti.

"Umevaa soksi mbili?"

"Nimevaa."

"Usizame peke yako, baba. Naota vibaya siku hizi."

"Nani azame peke yake? Tuko wawili kila siku. Na wewe usijifungie ndani na hao walafi. Toka, utembee."

"Nitoke niende wapi, maduka yote yamefungwa? Labda nimfuate shoga yangu Clementina, tangu jana ananivuta nguo twende tukatembee."

"Mfuate. Ucheke kidogo."

Sasa mshale wa kipimo cha hewa ulikuwa umeingia kwenye nyekundu.

Aligonga ubavu wa meli kwa tochi. Ngo, ngo, ngo. Akasikiliza. Huko juu laoban alikuwa amewasha muziki wake kama siku zote, na mdundo wa ngoma ulishuka majini mzito, ukazimeza ngo zake zote.

Akachomoa kisu, akakipenyeza chini ya bamba, akakikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Kisu kikakatika. Akaguna, akalia kidogo pia, maana hapakuwa na wa kumwona. Aliwaza Careen, binti yao aliyeachwa Mtwara kwa bibi yake, atakavyoambiwa. Kisha akaacha kuwaza, maana kuwaza kulikuwa kunakula hewa.

Kwenye ubavu wa meli palikuwa na tundu, na nje ya tundu palikuwa na mwanga. Akajinyoosha kuelekea huko, mguu ukibaki nyuma kwenye chuma, goti likilia kama kuni mbichi. Kichwa kikapita. Bega likapita. Akatoka mpaka kiunoni, akaning'inia hapo kama nguo dirishani.

Hewa ilikuwa sasa inakuja kwa kuombwa. Akainua mkono, akakipitisha kiganja mbele ya koo, huku na huku, ile ishara anayoijua mzamiaji yeyote duniani: sina hewa. Akaipiga tena. Akaipiga kwa mikono yote miwili, akitapatapa.

Watu wakampigia makofi.

Walikuwa wengi leo, wamejibana mbele ya ukuta wa kioo na makoti yao, tiketi mikononi, watoto mabegani. Mtoto mmoja akajipitishia kiganja kooni, na wenzake wakaiga, wakicheka mpaka wakapiga chafya. Katikati yao, wanawake wawili Waafrika walikuwa wamesogea mpaka pua zao zinagusa kioo.

"Jamani, huyu fundi, anaigiza kama kweli vile!" alisema Clementina.

"Huyu anacheza tu kwenye tangi, shoga yangu," Bibiana akajibu, huku akimpungia mkono. "Ungemwona wangu, anayezama baharini."