Nyundo Isiyolika

Je, nilimsaidia mama au nilimwangamiza? Bado sijui. Katika mtaa wetu wa waponda kokoto, mgawo wa maji hutolewa kwa kadiri nyundo ya mtu ilivyolika. Nami, mwanafunzi wa uhandisi wa metali, nilimtengenezea mama nyundo ya aloi, mchanganyiko wa metali, ambayo uso wake huzidi kuwa mgumu kila inapogonga jiwe.

Jana nilimkuta akiisugua kwa msasa, viganja vikivuja damu.

“Mama, ukiisugua inazidi kuwa ngumu.”

“Basi usomi wako umenikausha koo, mwanangu.”

Leo mkaguzi wa mgawo wa maji aliipima, akacheka. “Mama Tunu, nyundo kama imetoka dukani! Mwezi mzima ulikuwa umelala?” Akalifuta jina la mama kwenye orodha ya mgawo.

“Andika langu,” nikamwambia mkaguzi mbele ya mama. “Chuoni sirudi. Nitaponda mimi, kwa nyundo ya chuma laini.”