Vijiko vya Hemedi

Siku hizi askari akistaafu husawazishwa kumbukumbu, zilingane na kitabu cha vita kinachopendwa zaidi nchini. Hemedi alirudi kutoka kusawazishwa amenyooka mgongo, akaomba ndizi za kuchoma, yeye ambaye miaka yote akisikia harufu yake hutoka nje.

Mezani alipanga vijiko.

"Sisi hapa. Adui kule, ng'ambo ya mto. Tukampiga ubavuni, akakimbia. Basi."

"Na yule aliyekubeba?" mkewe Stamili akauliza.

"Adui atambebaje mtu, mama Lwembe?" Akacheka, akamenya ndizi nyingine.

Kusema kweli, Stamili alifurahi. Sasa mume wake atalala. Hatamsikia tena usingizini akimwomba radhi Lwembe, askari wa upande ule ambaye alimkuta Hemedi amejeruhiwa, akamlisha ndizi ya kuchoma, akambeba mpaka kivukoni, na hapo akapigwa risasi na wenzake Hemedi. Kitabuni hayo hayamo. Yangeivuruga ramani na mishale yake.

Mtoto wao akaingia, ametoka kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Lwembe. Karibu ule."

Hemedi akamgeukia mkewe, uso umechangamka. "Hivi jina la huyu tulilitoa wapi? Kwetu halipo."

"Nililisikia mahali, nikalipenda," Stamili akajibu. Akavikusanya vijiko, vya jeshi letu na vya adui, akavitia vyote kwenye beseni moja.