Jaa Lina Mwenyewe

Mtaimbo ulikuwa umeshagusa udongo kando ya kaburi la mumewe Bi Mwatime alipofika, akaketi papo hapo, miguu kainyoosha kama aliyekuja kusuka mkeka.

"Mama, inuka tafadhali," bwana afya alimsihi. "Maji ya kisima yameharibika, watoto wanaharisha. Tunachukua udongo ukapimwe. Huenda uchafu unatoka makaburini."

"Mume wangu amelala hapa tangu wewe hujazaliwa, na maji tulikuwa tukinywa. Si yameanza kunuka mlipotuletea jaa la mji hapo juu?"

"Tangu mwaka ule ule," mchimbaji aliyeshika mtaimbo alidakia.

"Sasa mbona hamkuanzia huko?"

Bwana afya aliteremsha sauti. "Jaa lina mwenyewe, mama. Langoni kuna mbwa."

"Na huyu hana mwenyewe?" Bi Mwatime alilipiga kaburi kofi, kama alivyozoea kumpiga marehemu begani akimchekesha. "Mmeona maiti habweki, ndio mkamkimbilia?"

Mchimbaji alicheka, kisha akajikoholesha. Bi Mwatime aliinuka, akamnyang'anya mtaimbo, akautia begani.

"Tukapime kule kwanza. Kukiwa safi, rudini mchimbe hapa, na karai nitawashikia mwenyewe."

Akashika njia ya kilimani. Mchimbaji alimfuata, na mwisho bwana afya naye, chupa zake tupu zikigongana mfukoni.

Mbwa walibweka kabla hawajafika. Bi Mwatime aliligonga lango la bati kwa mtaimbo, mara moja, kwa nguvu zote, na kule ndani mtu akaanza kuvuta komeo.