Kipimo cha Mguu wa Mama

Kesho kutwa napanda ndege kwenda Norwe, na mipango ninayo: theluji nitaijaza kwenye chupa ya chai niwaletee watoto wa jirani, na baridi ikizidi nitavaa madera yangu yote sita kwa pamoja. Sheria nimeitimiza. Anayesafiri nje huacha nakala yake nyumbani, ili familia isipungukiwe na mtu. Yangu ililetwa Jumatatu. Ina sura yangu, sauti yangu, hata kikohozi changu, ila yenyewe haiunguzi vitunguu.

Jana niliweka karatasi sakafuni. "Mama, kanyaga hapa nikuchore mguu, nikuletee viatu vya huko."

"Usijisumbue, Shemsa."

Nikacheka. Kwetu hasafiri mtu bila bahasha ya nyayo za ukoo mzima. Lakini shangazi naye alikataa. Hata Bi Sikudhani, jirani yetu, ambaye mwanawe yuko huko mwaka wa nne, aliniambia hakumpa kipimo.

"Kwa nini, mama?"

"Anayeagizwa viatu ni mtu anayerudi," akasema taratibu, kisha akageukia jikoni. "Shemsa! Usisahau chumvi."

Nikafumbua mdomo niitikie.

"Abee, mama," ikajibu sauti yangu kutoka jikoni.