Chiriku Wangu Wamenona

Huku Matamba hawamuulizi tena mtu kama anasikia baridi. Wanamuuliza ndege, maana ndege, wanasema, hadanganyi. Kila kipupwe mpimaji hupita nyumba kwa nyumba akinasa chiriku wa uani. Wakiwa wamekonda, bomba la joto la nyumba hiyo hufunguliwa. Wakiwa wamenona, mtalala na baridi yenu.

Ndiyo maana majirani zangu wanawafukuza chiriku kwa manati na makopo, ili wakonde. Mimi nawamwagia ulezi. Sheria hii hawakuitunga chiriku.

"Mama Tusajigwe, utatuua kwa ajili ya ndege," mume wangu alilalamika jana, akikohoa ndani ya mablanketi.

"Siwezi kumnyima kiumbe chakula ili nipate joto," nikamwambia. "Sitaki."

Leo asubuhi amekuja mpimaji, Luvanda. Alimshika chiriku mmoja, akampuliza manyoya ya shingoni, na kwenye kishimo cha chini ya koo mafuta ya manjano yakaonekana. Akamwelekezea kifaa chake cha kupimia, kile kinachoongea.

"Mama, kwako hakuna baridi," Luvanda akasema.

Nje umande ulikuwa umeganda juu ya pareto. Nikafungua vifungo vya sweta, nikamwonyesha kishimo changu mwenyewe, kitupu kama kijiko kilicholambwa.

"Pima na hapa, mwanangu."

Akamwachia yule chiriku. Kisha akanielekezea kile kifaa. Kikauliza kwa upole: "Ndege wa aina gani?"

Luvanda akainamisha kichwa.

"Kiambie," nikasema, sweta bado wazi, "ni wa aina ile mliyoacha kuiuliza."