Gogo la Nguchiro

Sikieni ya Nguchiro. Kiangazi kilipokausha mto, yeye hakukaa bure. Kila asubuhi alilala kifudifudi juu ya gogo, akapiga miguu hewani, akageuza kichwa kuvuta pumzi.

Fisi Maji, mzaliwa wa mtoni, alimcheka kutoka kivulini. "Dada wee, unaogelea vumbi?"

"Maji yatakuja, kaka, na hayatanisubiri nijifunze."

Yakaja kwa kishindo, yakawazoa wote wawili pamoja na gogo. Fisi Maji, aliyelala msimu mzima, alikakamaa misuli katikati ya mto, akaanza kuzama. Nguchiro akayakata maji, akamsukumia gogo lile lile.

"Lala kifudifudi! Piga miguu!"

Fisi Maji akalala, akapiga miguu mpaka ng'ambo. Hata kichwa aligeuza bila kuambiwa.