Saa Sita ya Lini

Muuguzi aliirudia sentensi ile, kidole kikiwa juu ya karatasi. Malipo ya usiku, ambayo ni mara mbili ya yale ya mchana, yataanza kuhesabiwa saa sita.

"Saa sita ya lini?" akauliza.

Binti mfanyakazi wa wakala wa ajira, aliyeuandaa mkataba, alicheka. Kisha akasoma mwenyewe, kicheko kikakatika. Zamu ya muuguzi ilianza saa saba mchana na kwisha jioni. Kwa maneno yale, angelipwa kama aliyekesha, na jua linawaka.

"Ni usiku, dada. Nimesahau kuandika usiku." Akatupa jicho kwenye mlango wa ndani. "Na bosi ameshatia saini. Nikimrudishia tena karatasi yenye kosa, leo hii nafungasha vitu vyangu."

Mwisho wa mstari palikuwa na nafasi ndogo, upana wa ukucha wa kidole gumba. Neno usiku lingeenea pale. Mchana nalo lingeenea, kwa kubana herufi.

"Ongeza tu wewe mwenyewe, dada yangu. Nakuamini."

Akamsukumia kalamu, akainama na tumbo lake la ujauzito kutafuta viatu chini ya meza. Miguu ilikuwa imemvimba, alama za kanda zimezama kwenye ngozi. Muuguzi aliitazama miguu ile, kisha akaitazama ile nafasi.

"Tayari?" sauti ikauliza kutoka chini ya meza.

"Bado, mdogo wangu. Kalamu yako nzito."